Ndege ya vita na abiria wa kulipa

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi na wenzangu wawili tunamiliki ndege ya mafunzo ya kijeshi ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, aina ya Harvard, tuliyoifufua kwa miaka sita. Mmoja wetu ni rubani, ndiye pia anayesimamia matengenezo. Mwingine anamsaidia ufundi. Mimi nashika hesabu. Kila tukiipeleka kwenye maonyesho watu wanapanga foleni, wanataka kuruka nayo, na wako tayari kulipa. Mafuta na vipuri vinatumaliza. Je, tunaruhusiwa kuwatoza? Tukiita mchango badala ya nauli, sheria itatuacha? Upande wa usalama hatuna wasiwasi, rubani wetu ana zaidi ya saa elfu nne angani."

Marahaba, na hongereni kwa hiyo miaka sita. Umeniuliza maswali mawili, lakini nitajibu matatu, kwa sababu sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nivute kiti.

La mchango ni fupi. Hapana. Mamlaka za anga hazisomi jina mliloandika kwenye risiti, zinaangalia kama mtu alipata nafasi kwenye ndege kwa sababu ametoa kitu. Marekani, kwa mfano, mamlaka yao, FAA, imetafsiri neno malipo kwa upana ambao huwashangaza wengi: kujaziwa mafuta, rubani kujikusanyia saa za kuruka bila kuzigharamia, hata fadhila inayotarajiwa kuleta biashara kesho, vyote vinaweza kuhesabiwa kuwa malipo. Ipo kanuni ya kugawana gharama, ambapo rubani binafsi na abiria wake wanachangia mafuta, oili na ada za uwanja. Lakini hiyo ni ya watu wanaosafiri pamoja kwa shughuli yao, na rubani lazima alipe fungu lake kamili. Haikutungwa kwa ajili ya foleni ya watu msiowajua mbele ya kibanda cha tiketi. Mkiweka bango, tayari mnafanya biashara, hata kama sanduku la pesa limeandikwa "saidia kuhifadhi historia".

La kutoza linahitaji nafasi zaidi, na jibu linaanzia kwenye karatasi moja tu: cheti cha ndege yenu cha kustahiki kuruka. Kisome leo, maana wamiliki wengi hawajawahi kukisoma hadi mwisho.

Ndege ya abiria ya kawaida hupata cheti kwa sababu kiwanda kilithibitisha muundo wake mbele ya mamlaka ya kiraia: mabawa yalijaribiwa, moto ulifikiriwa, milango ya kutokea ilipimwa. Ndege ya vita haikupita njia hiyo. Mteja wake alikuwa jeshi, na jeshi lilikuwa na hesabu zake kuhusu maisha ya vijana. Vita vilipokwisha, maelfu ya ndege zikauzwa kwa bei ya chuma, na Marekani ikatunga mwaka 1946 kundi maalumu la vyeti, kundi lenye mipaka, ili ziweze kuruka kiraia. Sharti lake kubwa lipo hadi leo: hairuhusiwi kubeba watu wala mizigo kwa malipo. Uingereza ndege za namna hii huruka kwa kibali cha kuruka badala ya cheti kamili. Na karatasi hizi hazivuki mpaka kirahisi. Mkitaka kwenda maonyesho ya nchi jirani, mnaomba ruhusa upya.

Sasa Harvard ina bahati yake. Ilitengenezwa kwa wingi, zaidi ya ndege 15,000 ukijumlisha majina yake yote, T-6, SNJ na Harvard, na baadhi ya matoleo yake yalipata cheti cha kawaida cha kiraia huko Marekani. Ndiyo maana utakuta huko T-6 mbili zimeegeshwa bawa kwa bawa, zimepakwa rangi moja, moja inaweza kubeba watalii wa kulipa kwa barua ya idhini kutoka FAA, nyingine haiwezi kabisa. Tofauti haionekani kwa macho, iko kwenye karatasi. Hiyo yenye cheti cha kawaida nayo ina masharti: iondoke na kurudi uwanja uleule, isiende zaidi ya maili 25 kutoka hapo, na wahusika wawe ndani ya mpango wa kupimwa ulevi na dawa za kulevya. Kama yenu iko kwenye kundi la majaribio au lile lenye mipaka, mlango wa kawaida umefungwa, mtagonga mlango wa ruhusa maalumu.

Milango hiyo inatofautiana nchi kwa nchi. Marekani tangu 1996 wanatoa msamaha wa kanuni kwa ajili ya kile wanachokiita safari za historia hai. Ulianza na ndege kubwa za mabomu za Vita vya Pili ambazo hakuna ndege nyingine yenye cheti kamili inayoweza kumpa mtu ladha yake, B-17 na B-24. Uingereza wana utaratibu wa ridhaa: mwendeshaji anapata idhini, na abiria anaelezwa kwa lugha ya wazi kuwa ndege hii haifikii viwango vya zile za biashara, anapewa muda wa kufikiri, ndipo anatia saini. Spitfire za viti viwili, ndege za kivita za Vita vya Pili, zinazopaa kutoka Goodwood na Biggin Hill zinabeba watu kwa njia hiyo. New Zealand wana kanuni za usafiri wa anga wa kujasiri, tangu 2011. Australia nao wana sura yao ya sheria kuhusu safari za namna hiyo kwa ndege za kijeshi zilizostaafu. Kanada, ukitaka kupanda Lancaster, ndege ya mabomu, ya makumbusho ya Hamilton, Ontario, unaanza kwa kuwa mwanachama. Nikitazama yote haya kwa pamoja naona wazo moja: serikali haisemi ndege ni salama. Inasema mtu mzima anaweza kuchagua hatari, mradi aijue, na mradi anayemrusha asimamiwe.

Hapo kwenye kusimamiwa ndipo ninapotaka kukaa.

Umesema rubani wenu ana saa elfu nne. Rubani wa B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine alikuwa na zaidi ya saa elfu saba kwenye B-17 peke yake, na sidhani kama kulikuwa na mtu mwingine duniani aliyemkaribia. Tarehe 2 Oktoba 2019 alipaa na abiria 10 wa kulipa kutoka uwanja wa Bradley, Connecticut. Injini namba nne ilikuwa imesumbua kuwaka asubuhi hiyo. Dakika chache baada ya kupaa aliomba kurudi. Injini ikazimwa, magurudumu yakateremshwa mapema mno, yakaongeza mzigo wa upepo kwenye ndege ambayo tayari ilikuwa inapungukiwa nguvu. Iligonga taa za kuongozea kabla ya kufika kwenye njia ya kutua, ikakengeuka kulia hadi kwenye tangi la maji ya kuyeyusha barafu, ikawaka. Walikufa marubani wawili na abiria watano.

Wachunguzi walipofungua injini, ndipo mambo yaliponihusu mimi na watu wa kazi yangu. Injini ile ina magneto mbili, kila moja inalisha cheche kwenye silinda zote tisa, ili moja ikifa nyingine ibebe. Moja ilikuwa na waya uliochomoka mahali pake, umeshikizwa kwa kipande cha waya wa kufungia, kwa namna ambayo ungeweza kugusa na kuizima magneto yenyewe. Ya pili ilipowekwa kwenye meza ya majaribio ilitoa cheche dhaifu, au haikutoa kabisa, kwenye silinda nne kati ya tisa. Kwenye injini namba tatu, iliyokuwa nzima kwa mtazamo wa nje, plagi zilikuwa na masizi na nafasi zake zimepita kipimo, na ndani kulikuwa na dalili za mafuta kulipuka vibaya badala ya kuungua. Haya hayakutokea usiku mmoja. Fundi mwenye dakika ishirini na kipimo cha nafasi angeyaona.

Nani alikuwa msimamizi wa matengenezo? Rubani huyohuyo. Ripoti ya bodi ya uchunguzi ya Marekani ilimtaja kwa yote mawili: jinsi alivyoiendesha ndege baada ya kuzima injini, na matengenezo duni wakati ndege ikiwa safarini kwenye ziara. Ikaongeza kuwa mfumo wa usalama wa taasisi iliyokuwa ikiirusha ndege ile ulikuwepo kwenye karatasi lakini haukufanya kazi, na kwamba FAA yenyewe haikuufuatilia ipasavyo. Mwezi Machi 2020 FAA ilifuta msamaha wa taasisi ile.

Naomba usinielewe vibaya kuhusu marehemu. Kwa yote ninayoyajua, alikuwa mtu aliyeipenda ile ndege kuliko sisi sote. Tatizo ni mpangilio. Rubani akisikia injini inakohoa asubuhi, na watu kumi wameshalipa na wanapiga picha, anatakiwa amwendee msimamizi wa matengenezo aulize: tunaruka? Kwenye ndege ile angejiuliza mwenyewe, na kujijibu mwenyewe. Sasa rudi kwenye barua yako usome ulipoandika nani anasimamia matengenezo yenu.

Na usidhani ni suala la mafundi tu. Tarehe 4 Agosti 2018 ndege ya Junkers Ju 52, iliyotengenezwa 1939 na kutumikia jeshi la anga la Uswisi kwa miongo, ilianguka karibu na kilele cha Piz Segnas ikirudi Dübendorf kutoka Locarno. Watu wote 20 walikufa. Marubani wote wawili walitoka jeshi la anga, na wote walikuwa na maelfu ya saa. Wachunguzi waligundua kuwa waliingia bonde jembamba wakiwa chini mno, bila nafasi ya kugeuka, na walipofuatilia safari za nyuma wakakuta kuruka chini na karibu na milima kulikuwa kumeshazoeleka kwenye kampuni iliyokuwa ikiirusha ndege ile. Uzito nao ulikuwa umeegemea nyuma kuliko inavyoruhusiwa. Ripoti hiyo niliisoma kwa siku mbili. Kilichonikaa kichwani si mlima. Ni zile safari za nyuma zilizokwenda vilevile na kurudi salama, watu wakapiga makofi, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo saa elfu nne za rubani wenu ni jambo jema, lakini hazinijibu swali ninalouliza. Swali langu ni hili: kati yenu, nani ana uwezo wa kumwambia "leo huruki", naye akatii?

Ngoja nikuonyeshe swali hilo linavyokuja, maana haliji limevaa sare. Linakuja saa tatu asubuhi, kwenye propela.

Injini ya Harvard, Pratt & Whitney R-1340, ina silinda tisa zilizozunguka kama miali. Ikilala usiku, oili huteremka na kujikusanya kwenye silinda za chini. Oili haibonyei. Ukibonyeza starta ikiwa imejaa humo, pistoni inaigonga kama imegonga jiwe, na kitakachokubali kupinda ni mkono wa pistoni. Ndiyo maana kabla ya kuwasha mnazungusha propela kwa mikono, blade baada ya blade, mkihesabu. Mnajua hivyo. Ila kuna siku blade inafika mahali inakataa. Si ngumu, inakataa. Utaratibu ni kuacha hapohapo, usiilazimishe na usiirudishe nyuma, maana ukiirudisha oili inaingia kwenye bomba la kuvutia hewa ikisubiri kurudi. Fungua plagi za chini, kinga ndoo, ikauke, ndipo uanze upya. Ni kazi ya nusu saa, mikono ikichafuka hadi kiwiko.

Siku isiyo na abiria, hakuna anayebishana na hiyo nusu saa. Siku yenye watu wanane kwenye orodha, wa kwanza ameshavaa parachuti na mama yake ameshika kamera, utasikia mtu anasema "isukume kidogo tu". Na ikisukumwa kidogo tu, mara nyingi inapita. Injini inawaka, moshi mweupe unatoka, watu wanashangilia. Mkono uliopinda kwa unywele unaendelea kuzunguka saa kumi, ishirini, arobaini. Utakatika siku nyingine, na atakayekuwa kiti cha nyuma ni mtu ambaye hakuwepo asubuhi ile.

Tukio jingine ni langu. Niliwahi kuhudumia ndege ya aina yenu kwa mmiliki mmoja aliyebeba abiria wa maonyesho. Unajua Harvard haina sakafu: miguu inakaa kwenye vijia viwili, na chini yake ni tumbo tupu la ndege, lenye nyaya na fimbo za kuongozea mkia. Abiria wa tatu alitoa simu apige picha wakati ndege imelala ubavu, simu ikamponyoka. Walitua vizuri. Abiria akasema kwa aibu kuwa simu imedondoka. Mmiliki akatazama foleni, akatazama saa, akaniambia tutaitafuta jioni. Nikamwambia ndege haitoki hadi niishike ile simu mkononi. Tulifungua vifuniko kwa saa moja na dakika arobaini. Niliikuta imelala kando ya fimbo ya mkia, ukingo wake umeshaanza kukwaruzwa. Tulirudisha pesa za watu wanne siku hiyo, na mmiliki hakuzungumza nami hadi Jumatatu. Nilikuwa namlipisha kwa saa, si kwa mgao wa tiketi. Ningekuwa na mgao, sijui ningesema nini.

Kwa hiyo mifuko yote ya abiria iwe tupu kabla hajapanda, na kitakachopanda, hata miwani, kifungwe kwa kamba.

Kuna kitu cha tatu ambacho mwenye Harvard hapaswi kulala bila kukijua. Mabawa ya nje ya ndege hii yameshikizwa kwenye sehemu ya katikati kwa vyuma vya pembe vilivyofungwa kwa safu ndefu ya bolti. Mwezi Mei 2005, Kissimmee, Florida, T-6 iliyokuwa na mkufunzi na mtu aliyekuja kujifunza iliachana na bawa lake ikiwa angani. Wote wawili walikufa. Ufa ulikuwa umeota kwenye chuma cha pembe, kwa uchovu wa miaka. FAA ilitoa agizo la dharura: vyuma hivyo vikaguliwe kwa rangi ya kupenya inayong'aa chini ya taa maalumu, na ukaguzi urudiwe kila saa 200 za kuruka. Ufa wa namna hiyo huuoni kwa jicho hata ukiramba chuma. Nataka kujua ukaguzi wenu wa mwisho ulikuwa lini, nani alitia saini, na saa ngapi zimepita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona ndege bila daftari.

Mabiashara ya abiria yanafupisha kalenda hiyo kuliko mnavyofikiri. Mmiliki wa kawaida anaruka saa thelathini au arobaini kwa mwaka. Wikendi moja ya safari za dakika ishirini inaweza kuwapa saa tano, na pamoja nazo kuwashwa kwa injini mara kumi na tano, kupaa kwa nguvu zote mara kumi na tano, na kutua mara kumi na tano. Kutua ndiko kunakoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu Harvard ina gurudumu la mkia, na upepo wa ubavu ukiikuta imepunguza mwendo inapenda kugeuka kama mbuzi aliyeshikwa kamba. Rubani wa safari ya kumi na moja, jua la alasiri, si yule wa safari ya kwanza. Wekeni kikomo cha safari kwa siku kabla hamjaona foleni, mkiandike, na msikiguse foleni ikionekana.

Kuhusu hesabu, kwa kuwa wewe ndiye mshika hesabu. Injini hii hunywa zaidi ya lita mia moja za petroli ya ndege kwa saa, na ukipanga nauli kwa kuangalia mafuta tu, mnajidanganya. Kila saa inakula kipande cha ukarabati mkuu wa injini, cha propela, cha matairi, cha ukaguzi wa mabawa. Toa fungu hilo kila jioni, lipeleke akaunti ambayo rubani hana saini. Ukitoa mafungu hayo yote pamoja na bima, utaona safari za abiria hazitawatajirisha. Kwa wengi zinalipia ndege kubaki hai, basi. Anayeingia akitafuta faida ataanza kuitafuta kwenye matengenezo.

Bima yenyewe: toeni mkataba mliokatia, mtafute neno la malipo. Bima za ndege binafsi kwa kawaida hazimgusi abiria aliyelipa, na siku ya ajali mkaguzi wa bima ataanza na orodha ya tiketi. Mnahitaji bima iliyoandikwa kwa shughuli hiyo, kwa rubani mliyemtaja kwa jina, na kiwango cha fidia kwa kila kiti. Fungueni kampuni itakayomiliki shughuli, lakini msitegemee kampuni iwafiche ikithibitika mlijua kasoro mkaruka.

Fomu ya ridhaa nayo watu huipa uzito usio wake. Haiwakingi mkifanya uzembe. Kazi yake ya kweli ni kumwambia mtu ukweli kabla hajatoa pesa, akiwa nyumbani, si pembeni mwa ndege huku injini inanguruma na wenzake wanamcheka. Mimi ningeiandika hivi: ndege hii iliundwa kwa ajili ya jeshi, zaidi ya miaka themanini iliyopita, haijathibitishwa kwa viwango vya ndege unayopanda ukienda likizo, ina injini moja, ikizimika tutatua mbele yetu, popote palipo. Mtu akisoma hayo na bado akaja kuruka, huyo ni abiria. Akighairi, mrudishieni pesa bila maswali. Na baada ya saini, kaa naye kwenye kiti ndege ikiwa imezimwa: afungue kifuniko mwenyewe, afungue mikanda mwenyewe, atoke mwenyewe akiwa na parachuti mgongoni, mara mbili. Asiyeweza kutoka ardhini hatatoka angani. Nimeona watu wazito na wazee wenye magoti mabovu wakipandishwa kwa kusukumwa na watu wawili, na hakuna aliyejiuliza watashukaje.

Najua kuna mtu atawashauri njia ya pembeni: muiite mafunzo. Abiria ni mwanafunzi, rubani ni mkufunzi, kitabu kinaandikwa nusu saa ya somo. Marekani njia hiyo ilifikishwa hadi mahakama ya rufaa ya Washington, na mwaka 2021 mahakama ikaunga mkono FAA: kumfundisha mtu kwa malipo kwenye ndege ya kundi lenye mipaka ni kubeba mtu kwa malipo. Uamuzi ule ulizua kelele kwa sababu uliwagusa hata wakufunzi wa kweli, Bunge likaingilia, na kanuni zikaja kurekebishwa ili mafunzo halisi yaendelee. Mafunzo halisi. Safari ya dakika kumi na tano yenye kupinduka mara mbili na fulana ya ukumbusho haimfundishi mtu kitu, na mkaguzi yeyote anaijua akiiona.

Kama ningekuwa mahali penu, mwaka wa kwanza nisingebeba abiria. Ningeomba ruhusa inayolingana na cheti chetu, na wakati naisubiri ningetenganisha kofia mbili za rubani wenu. Yule anayerusha asisaini matengenezo. Kisha ningetafuta mtu wa nne: fundi mwenye leseni, asiye na hisa kwenye ndege, asiyelipwa kwa tiketi, ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mahali pa kuanzia safari, pamoja na sentensi moja kwamba akisema ndege haitoki, haitoki, na hatakiwi kutoa sababu mbele ya wateja. Mlipeni kwa siku, hata siku ambayo hakuna aliyeruka. Hasa siku hiyo.

Nitumie nakala ya cheti, ukurasa wa mwisho wa ukaguzi wa vyuma vya mabawa, na uniambie mtu wa nne mmempata wapi. Nauli tutaipanga baadaye.